Elektroforesisi ya Kapilari na Maji ya Ziwa Tanganyika: Mbinu ya Utenganishaji Ikitazamwa kutoka Ufuko wa Kabezi na Rumonge

Ikisiri

Makala haya yanaeleza elektroforesisi ya kapilari, mbinu ya kemia changanuzi inayotenganisha viambata vya mchanganyiko kwa nguvu ya umeme ndani ya mrija ambao tundu lake halizidi unene wa unywele. Maelezo yamejengwa juu ya mfano mmoja mkuu, yaani maji ya Ziwa Tanganyika katika ufuko wa Burundi, na mfano mmoja mdogo wa ubora wa dawa. Hoja inayotetewa ni kwamba mbinu hii inafaa kwa maabara za ukanda huu kwa sababu hutumia kemikali kidogo na hupima ioni nyingi kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, ina udhaifu katika kupima viwango vidogo sana, na udhaifu huo unapaswa kujulikana kabla ya fedha za umma kutengwa.

1. Utangulizi

Barabara ya taifa namba 3 inayotoka Bujumbura kuelekea kusini hufuata ufuko wa ziwa, ikapita Kabezi na kufika Rumonge baada ya kilomita zipatazo 70. Katika ukanda huu ziwa ni kisima, ni njia, ni ghala la chakula na, kwa bahati mbaya, ni shimo la taka. Wakazi huchota humo maji ya nyumbani, huanika ndagala kando yake, na mito inayoshuka kutoka milimani hubeba hadi humo udongo wa mashamba na uchafu wa makazi. Jiji la Bujumbura nalo hupata maji yake ya bomba kutoka ziwa hilohilo kupitia shirika la REGIDESO.

Ziwa lenyewe ni mali ya nchi nne. Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Mkataba wa namna hii unadai vipimo. Nchi moja haiwezi kuilalamikia nyingine, wala wizara kukidai kiwanda, pasipo takwimu zinazokubaliwa na pande zote. Hapo ndipo swali la kemia changanuzi linapoingia: katika chupa hii ya maji mna nini, na kwa kiasi gani?

Maji ya ziwa si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa ioni nyingi, na ili kila moja ipimwe ni sharti kwanza itenganishwe na wenzake. Kromatografia hufanya kazi hiyo kwa kusukuma kimiminika katika safu iliyojazwa chembechembe ambazo huvuta baadhi ya viambata kuliko vingine. Elektroforesisi ya kapilari hufika mahali palepale kwa njia nyingine.

2. Yanayotokea ndani ya kapilari

Neno "kapilari" si geni kwa msomaji wa Kiswahili, kwani limezoeleka katika vitabu vya biolojia kwa maana ya mishipa midogo kabisa ya damu. Katika kemia ni mrija wa silika iliyoyeyushwa, wenye urefu wa sentimita 30 hadi 100 na tundu la mikromita 25 hadi 75, uliopakwa plastiki kwa nje ili usivunjike unapopindwa. Ncha zake mbili hutumbukizwa katika vichupa viwili vya bafa, kila kimoja kikiwa na elektrodi, na kati yake hupitishwa umeme wa volti 10,000 hadi 30,000. Sampuli huingizwa upande mmoja kwa shinikizo dogo. Kiasi chake hupimwa kwa nanolita, maana ujazo wote wa kapilari yenye urefu wa sentimita 60 na tundu la mikromita 50 ni mikrolita 1.2 tu, chini sana ya tone moja la mvua.

Umeme ukishawashwa, kila ioni husogea kwa kasi yake. Ioni chanya huelekea kathodi, na ioni hasi huelekea anodi. Kasi hiyo hutegemea ukubwa wa chaji, ukubwa wa ioni pamoja na vazi lake la molekuli za maji, na mnato wa bafa. Uwiano kati ya kasi ya ioni na nguvu ya uwanja wa umeme waweza kuitwa usogevu, na ndio alama ya utambulisho wa kila ioni katika mbinu hii.

Kuna pia mwendo wa pili, ambao ndio ulioipa mbinu hii umaarufu. Ukuta wa silika, unapokutana na bafa isiyo na asidi kali, hupoteza protoni na kubaki na chaji hasi. Ioni chanya za bafa hujipanga kando ya ukuta huo, na umeme unapozivuta kuelekea kathodi, huburuta kimiminika chote pamoja nazo. Huo ndio mkondo wa elektroosmosisi. Mvuvi wa Rumonge hahitaji mlinganyo ili kuuelewa: mitumbwi yote imo katika mkondo mmoja, mingine ikipigwa makasia kufuata maji, mingine kinyume chake, na mingine ikielea tu bila kasia. Mkondo ukiwa na nguvu ya kutosha, yote hufika upande mmoja, lakini kwa nyakati tofauti. Viambata visivyo na chaji ndiyo mitumbwi isiyo na kasia. Hufika vikiwa kundi moja lisilotenganishwa, na ili vitengane inabidi bafa itiwe sabuni yenye kuunda miseli, kama alivyoonyesha Shigeru Terabe na wenzake nchini Japani mwaka 1984.

Mkondo huu una sifa nyingine. Kwa kuwa husukumwa kutoka ukutani, na si kwa pampu kutoka nyuma, kimiminika husonga kikiwa na uso bapa. Kimiminika kinachosukumwa kwa pampu huenda kwa kasi katikati na kuzembea pembeni, hivyo ukanda wa sampuli huvutika na kutawanyika. Ndani ya kapilari, kinachobaki kuutawanya ukanda ni msambao wa kawaida wa molekuli. Nadharia huonyesha kwamba kwa ioni yenye chaji moja, ikiwa ni msambao tu unaohesabiwa, volti 20,000 huweza kutoa ufanisi wa sahani za kinadharia zinazokaribia 390,000, na kwamba idadi hiyo hutegemea volti, si urefu wa mrija. Safu ya kawaida ya kromatografia ya kimiminika hutoa maelfu kadhaa au makumi ya maelfu. Katika maabara halisi namba ya kapilari hushuka, lakini tofauti hubaki kubwa.

Kwa nini mrija uwe mwembamba hivyo? Kwa sababu ya joto. Umeme unaopita katika bafa huipasha moto, na kimiminika kilichopashwa moto huzunguka na kuvuruga kanda zilizokwisha kutengana. Tatizo hilo lilimsumbua Arne Tiselius wa Uppsala, ambaye kazi yake ya mwaka 1937 juu ya protini za damu ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1948. Stellan Hjertén, naye wa Uppsala, alijaribu mwaka 1967 kuzungusha mrija wa milimita 3 ili joto lisilete vurugu. Suluhisho lililodumu lilipatikana mwaka 1981, James Jorgenson na Krynn Lukacs wa Chuo Kikuu cha North Carolina walipotumia mirija ya kioo ya mikromita 75. Katika mrija wa namna hiyo joto hutoka haraka kupitia ukuta, na volti kubwa huweza kuvumiliwa. Miaka isiyozidi 20 baadaye, mashine zenye kapilari 96 zilizofanya kazi sambamba ndizo zilizosoma sehemu kubwa ya jenomu ya binadamu.

3. Potasiamu na amonia: tatizo la ziwa hili

Maji ya Ziwa Tanganyika yana tabia ya pekee, na ni kosa kuchukua mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya mito ya Ulaya na kuutumia Kabezi kama ulivyo. pH ya maji ya juu hukaribia 9. Magnesiamu, takriban miligramu 40 kwa lita, huzidi kalsiamu iliyo karibu na 10. Sodiamu hukaribia 60, na potasiamu huwa kati ya 30 na 35, kiasi kikubwa kwa maji baridi. Sehemu kubwa ya chumvi hizi huletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, ambalo hupokea maji ya miamba ya volkano.

Tuseme maabara ina kapilari ambayo sampuli husafiri ndani yake sentimita 40 kabla ya kufika kwenye kigunduzi, urefu wote ukiwa sentimita 50, na volti ni 20,000. Uwanja wa umeme ni volti 400 kwa kila sentimita. Katika bafa ya asidi, ambamo mkondo wa elektroosmosisi ni hafifu, usogevu wa ioni wenyewe ndio unaotawala. Kwa kutumia thamani zinazojulikana za usogevu katika maji ya nyuzi 25, potasiamu (76 kwa kipimo cha 10⁻⁹ m² kwa volti kwa sekunde) ingefika baada ya sekunde 131, kalsiamu (62) baada ya sekunde 162, magnesiamu (55) baada ya sekunde 182, na sodiamu (52) baada ya sekunde 193. Ndani ya muda usiozidi dakika nne, ioni nne kuu za ziwa zimehesabiwa. Mbinu ya zamani ingehitaji vipimo vinne tofauti.

Ioni hizi hazionekani kwa mwanga wa urujuanimno. Kwa hiyo bafa hutiwa imidazoli, ambayo hufyonza mwanga huo, na ioni ya chuma inapopita huchukua nafasi ya imidazoli na kuacha shimo katika mstari wa kipimo. Njia ya pili ni kigunduzi cha upitishaji umeme kisichogusa kimiminika, kilichobuniwa mwaka 1998 na makundi mawili yaliyofanya kazi bila kutegemeana. Hicho ni sahili, hakihitaji taa, na watafiti wa Basel pamoja na wenzao wa Hanoi wamekitumia kujenga vifaa vya kubebeka kwa ajili ya maabara zenye uwezo mdogo.

Hadi hapa kazi ni nyepesi. Ugumu huanza anapoulizwa mchafuzi. Dalili mojawapo ya maji ya choo kuingia ziwani ni amonia, na mafuriko ya miaka ya karibuni, yaliyopandisha ziwa hadi ndani ya makazi ya Gatumba na Rumonge, yamelifanya swali hilo kuwa la haraka. Ioni ya amonia ina usogevu wa 76, uleule wa potasiamu. Katika bafa ya kawaida, kilele kidogo cha amonia humezwa kabisa na kilele kikubwa cha potasiamu, na mchanganuzi asiye makini ataandika kwamba amonia haimo. Ripoti yake itakuwa safi, na itakuwa ya uongo.

Dawa yake inajulikana. Bafa hutiwa molekuli yenye umbo la pete iitwayo 18-krauni-6, ambayo tundu lake huikumbatia potasiamu kwa nguvu zaidi kuliko inavyoikumbatia amonia. Potasiamu iliyobeba mzigo huo huchelewa, na amonia hutangulia peke yake. Kwa maji mengi duniani hatua hii ni ya hiari. Kwa maji ya Tanganyika inafaa kuandikwa katika mwongozo kama sharti.

Jambo la pili ni pH. Katika maji yenye pH 9 na nyuzi 25, zaidi kidogo ya theluthi ya amonia yote huwa haina chaji, na hiyo ndiyo sumu kwa samaki. Katika bafa ya asidi yote hugeuka ioni, kwa hiyo kapilari hutoa jumla. Sehemu yenye sumu hukokotolewa kutokana na pH na halijoto, na vipimo hivyo viwili vinapaswa kuchukuliwa palepale ufukoni, mtumbwi ukiwa bado majini. Chupa iliyofika maabara bila namba hizo mbili imepoteza nusu ya thamani yake.

Na hata amonia ikipatikana, chanzo chake hakijajulikana. Chini ya mita zipatazo 100 katika sehemu ya kaskazini, ziwa halina oksijeni, na maji ya vilindi yana amonia ya asili. Pepo za kusi za Mei hadi Septemba husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Zinapolegea, tabaka za maji hupembea na maji ya chini yaweza kupanda. Sampuli moja ya Oktoba iliyochotwa Kabezi haitoshi kuhukumu choo cha mtu. Zinahitajika sampuli za ufukoni na za mbali na ufuko, za misimu yote miwili, na pia za mdomo wa mto, kwa mfano Mugere.

Swali gumu kuliko yote ni hili: je, kapilari inaona vya kutosha? Kigunduzi cha mwanga hutazama kupitia unene wa mikromita 50 tu, hivyo kikomo chake kwa amonia huwa karibu na sehemu ya kumi ya miligramu kwa lita. Maji safi ya katikati ya ziwa huwa na kiasi cha chini ya hapo, kwa sababu mwani huila amonia mara inapopatikana. Kwa maji hayo, njia ya zamani ya rangi ya buluu ya indofenoli bado ni bora, na hakuna aibu kulisema. Kapilari ina nafasi yake kwenye mifereji, midomo ya mito, visima vya ufukoni na maji yaliyotuama baada ya mafuriko. Aidha, sampuli moja hudai mikupuo miwili: mmoja wa maji yaliyozimuliwa mara kumi kwa ajili ya ioni kuu, mwingine wa maji yasiyozimuliwa kwa ajili ya amonia.

Nitrati, kloridi na salfati hupimwa kwa kapilari hiyohiyo, ila elektrodi hubadilishana nafasi. Ioni hizo ndogo hukimbilia anodi kwa kasi kubwa kuliko mkondo, kwa hiyo bafa hutiwa sabuni yenye chaji chanya ili kuupindua mkondo uende pamoja nazo. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa nitrati katika maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita, kiasi ambacho kapilari hukipima bila taabu. Vimelea vya kipindupindu, ugonjwa unaorudi mara kwa mara katika ufuko huu, si suala la ioni, na hakuna kipimo cha nitrati kinachoweza kuchukua nafasi ya kipimo cha bakteria.

4. Dawa katika kituo cha afya

Kabezi inajulikana katika fasihi ya afya ya umma kwa sababu ya kituo cha dharura za uzazi kilichoendeshwa na Madaktari Wasio na Mipaka kuanzia mwaka 2006, ambacho magari yake ya wagonjwa yalileta akina mama kutoka vituo vya mbali bila malipo. Katika huduma ya namna hiyo, popote ilipo, uhai hutegemea dawa chache. Oksitosini huzuia kutokwa damu baada ya kujifungua, na magnesiamu salfeti huzuia degedege la kifafa cha mimba. Oksitosini hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na joto huiharibu bila kubadilisha sura yake. Muuguzi hana namna ya kujua kwa macho kama kichupa kilichomo mkononi mwake kimekwisha nguvu.

Molekuli zote mbili zinafaa kwa kapilari. Magnesiamu ni ileile ya ziwani, na oksitosini ni peptidi yenye chaji chanya katika asidi, nayo hufyonza mwanga. Dawa nyingi za malaria na viuavijasumu zina sifa hiyohiyo. Kwa sababu hiyo wanasayansi wa Geneva na Fribourg walibuni kifaa cha bei nafuu cha elektroforesisi ya kapilari mahsusi kwa kupambana na dawa bandia, tathmini yake ikachapishwa mwaka 2010 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Liège, na kikapelekwa katika nchi za Afrika, Mali ikiwamo. Hoja ya waundaji wake ilikuwa gharama ya kila siku. Kromatografia ya kimiminika inayopitisha mililita moja kwa dakika humaliza karibu nusu lita ya kimiminika kwa saa nane, sehemu kubwa ikiwa asetonitrili inayoagizwa kutoka nje. Mwaka 2008 na 2009 asetonitrili iliadimika duniani kote, na hata maabara tajiri zilihangaika. Kapilari hutumia mililita chache za bafa kwa siku, na bafa hiyo kwa kawaida ni maji yenye chumvi. Safu ya kromatografia ikiziba hununuliwa nyingine kwa bei kubwa; kapilari huuzwa kwa mita na hukatwa kwa mkono.

5. Masharti ya kazi

Mshauri wa sera anayesoma makala haya huenda ameanza kuhesabu bei ya mashine. Ni vema ahesabu kwanza joto la chumba. Usogevu wa ioni huongezeka kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja, kwa sababu mnato wa maji hupungua. Chumba kinachotoka nyuzi 24 asubuhi na kufika 32 alasiri kitasogeza vilele vyote kwa asilimia 16, na kilele cha magnesiamu cha alasiri kitaonekana mahali pa kalsiamu ya asubuhi. Mashine ghali hupoza kapilari yenyewe. Mashine nafuu haifanyi hivyo, na mchanganuzi hulazimika kutia katika kila sampuli kiasi kinachojulikana cha lithiamu, ambayo ziwani ni kidogo sana, kisha kupima kila kilele kwa kukilinganisha nayo. Lithiamu hiyo hurekebisha pia kosa la ujazo unaoingizwa, ambao kwa nanolita si rahisi kuurudia sawasawa.

Umeme ukikatika katikati ya mkupuo, mkupuo huo umepotea, lakini hasara yake ni dakika tano tu. Hasara kubwa zaidi ni kapilari iliyoachwa imekauka ikiwa na bafa ndani, kwani chumvi huganda na kuiziba. Kuiosha kwa sodiamu haidroksidi na maji kila jioni ni kazi ya dakika 10 inayohitaji mtu, si mashine. Uzoefu wa maabara nyingi za ukanda huu ni kwamba kifaa hufa fundi wake anapohamishwa, na bajeti isiyotaja mshahara wa fundi wa pili ni bajeti ya kununua sanduku.

Suala la lugha lina uzito wake hapa. Fundi wa Bujumbura husoma mwongozo wa Kifaransa, mwenzake wa Kigoma wa Kiingereza, na wanapokutana kulinganisha matokeo ya ziwa lao la pamoja huzungumza Kiswahili. Utaratibu mmoja wa kazi ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye istilahi zilizokubaliwa za usogevu, kilele, bafa na kikomo cha ugunduzi, ungepunguza makosa kuliko semina nyingi. Istilahi hizo bado hazijatulia, na wanakemia wanapaswa kukaa na wanaisimu kabla kila maabara haijazoea maneno yake.

Limebaki swali la mahali pa kuweka kifaa. Mara nyingi hupendekezwa kwamba kila mji wa ufukoni uwe na maabara yake, lakini kwa uchanganuzi huu Rumonge haihitaji kapilari. Sampuli ya amonia iliyochujwa kwa kichujio cha mikromita 0.45 na kuwekwa kwenye barafu hustahimili hadi kesho yake, na njia ya kwenda Bujumbura ni ya saa chache. Kuitia asidi kali ili ikae wiki kadhaa, kama miongozo ya mbinu za rangi inavyoruhusu, hakufai, kwa kuwa asidi hiyo huongeza ioni na kuharibu umbo la vilele. Kinachohitajika Rumonge na Kabezi ni sanduku la barafu, vichujio, kipima pH kilichorekebishwa asubuhi ya siku hiyo, daftari lenye safu ya halijoto, na mtu anayelipwa ili chupa ziondoke ufukoni kabla ya saa sita mchana.